Zohali Iko Wapi? Msamiati wa Sayari na Gharama ya Kukariri Bila Kutazama

Mwanafunzi yeyote aliyesoma Kiswahili katika shule za Kenya huenda amekutana na orodha hii mahali fulani. Ikiwa si kitabuni basi ubaoni, na ikiwa si ubaoni basi katika daftari la mwenzake: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Aliikariri katika muhula uleule alimokariri vikembe vya wanyama, aina za malipo na nomino za makundi. Aliikariri kwa hofu ya mtihani, kisha akaiacha palepale katika chumba cha mtihani. Ni nadra kumpata aliyewahi kutoka nje usiku, akainua macho, akanyosha kidole na kumwambia nduguye, "Ile inayong'aa juu ya mwembe ni Mshtarii."

Lau dosari ya orodha hiyo ingekuwa kusahauliwa tu, isingehitaji makala. Dosari yake ni kubwa zaidi. Majina manne kati ya hayo tisa hayapo mahali pake. Zohali imesogezwa hatua moja mbele. Utaridi imetupwa mwishoni mwa safu ilhali nafasi yake ni ya kwanza. Kausi na Sarateni yanafanana na majina ya buruji, wala si ya sayari. Wanafunzi wamelikariri kosa hilo, wakalirithisha kwa wadogo zao, na wengi wao hawakushtuka. Kutoshtuka huko ndiko kiini cha makala haya. Msamiati wa anga hufundishwa kama maneno yasiyo na vitu, na neno lisilo na kitu linaweza kuhamishwa kutoka sayari moja hadi nyingine bila yeyote kugundua kwamba limehama. Asiyejua maana, walisema wahenga, haambiwi maana.

Ushahidi wa kosa hili ni mwepesi kupatikana. Tangu kale, binadamu aliyetazama anga kwa macho matupu aliona nyota tano zisizotulia mahali pamoja, zilizosafiri usiku baada ya usiku katikati ya nyota nyingine zilizotulia. Neno sayari lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kitu kiendacho. Waarabu waliziita nyota hizo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na hayo ndiyo majina yaliyoingia katika Kiswahili. Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Hulizunguka kwa siku 88 na huonekana kwa muda mfupi tu baada ya machweo au kabla ya macheo. Zuhura hung'aa kuliko nyota zote za usiku. Mirihi ina wekundu unaoonekana bila kifaa chochote. Mshtarii hulizunguka Jua kwa takriban miaka 12. Zohali, iliyo ya sita kutoka kwenye Jua ikiwa Dunia itahesabiwa, huchukua takriban miaka 29 na nusu, na ndiyo ile ambayo kwa darubini huonekana imezungukwa na pete.

Sayari zilizosalia zilitambuliwa baadaye sana. Ya saba, Urani, ilitambuliwa na William Herschel nchini Uingereza mwaka wa 1781. Ya nane, Neptuni, ilionekana mjini Berlin mwaka wa 1846 baada ya Mfaransa Urbain Le Verrier kukokotoa mahali ilipopaswa kuwa. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh nchini Marekani mwaka wa 1930. Basi iweje Zohali, jina lililokuwa vinywani mwa wanafalaki karne nyingi kabla ya 1781, liwe jina la sayari ya saba ambayo wakati huo hakuna aliyeitambua kuwa sayari? Iweje Utaridi, jina la kale vilevile, liwe jina la Pluto, gimba dogo lisiloweza kuonekana kwa jicho tupu hata katika usiku wa giza totoro? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akielezwa tarehe hizo tatu, atauliza maswali haya mwenyewe. Tatizo ni kwamba hakuelezwa. Alipewa orodha.

Yafaa kila jina litazamwe kwa zamu yake. Kausi kwa Kiarabu ni upinde, na ni jina la buruji ya tisa kati ya zile 12, iitwayo pia Mshale. Buruji ni sehemu ya anga yenye kundi la nyota ambamo Jua, Mwezi na sayari huonekana kupita. Kumwita msafiri kwa jina la mji anaopitia ni kuchanganya mambo. Sarateni nalo linakaribiana mno kwa sauti na Saratani, yaani kaa, jina la buruji ya nne. Mkenya wa leo analijua neno saratani kama jina la maradhi, na hata huko asili ni kaa yuleyule. Iwapo Sarateni ni buruji iliyopotoshwa au ni jina la Kizungu la sayari ya sita lililotamkwa Kiswahili, mwanafunzi hana njia ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia asili yake. Lililo wazi ni kwamba sayari hiyo ilikuwa tayari na jina, na jina hilo ni Zohali.

Zebaki ni kisa cha aina nyingine. Neno hili ni jina la madini ya majimaji yanayong'aa kama fedha, yale yaliyotumiwa katika vipimajoto. Kwa Kiingereza madini hayo na sayari ya kwanza yana jina moja, hivyo yaelekea kwamba aliyetafsiri alichukua jina la madini na kulipa sayari. Utaridi lilipokosa sayari ya kuita, likatafutiwa makao mengine, na mahali palipokuwa wazi palikuwa mwishoni. Labda ndivyo ilivyokuwa, na kama ndivyo, hapo mtu hakutafsiri kutoka angani bali alitafsiri kutoka kamusi. Zebaki limekwisha kuzoeleka, nalo linaweza kuvumiliwa kama jina la pili la Utaridi. Lisiloweza kuvumiliwa ni kumfukuza mwenye nyumba kwa ajili ya mgeni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Hebu wafikiriwe watahiniwa wawili. Wa kwanza amelelewa katika nyumba ya wasomi wa pwani, na babu yake alimfundisha kwamba sayari yenye pete ni Zohali. Wa pili ameikariri orodha. Wakiulizwa jina la sayari ya sita, wa kwanza ataandika Zohali na wa pili Sarateni. Ikiwa mwongozo wa kusahihisha umefuata orodha, aliyejua atakosa na aliyekariri atapata. Kisha wa pili ataingia chuo kikuu, atafungua kamusi au kuzungumza na Mswahili wa Unguja, na atakuta kwamba Zohali yake si Zohali yao. Lugha inayodai kuwa ya sayansi na ya kanda nzima haiwezi kuwa na neno moja linalotaja gimba moja Unguja na gimba jingine Nairobi. Mhandisi hawezi kutumia neno la namna hiyo, wala mtangazaji, wala mwalimu.

Hata hivyo, kosa la majina ni dalili tu ya ugonjwa. Wazee waliounda msamiati wa anga wa Kiswahili hawakuukosea hivi kwa sababu kila neno lao lilikuwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa nje, chini ya anga. Neno Kilimia lafaa kuwa mfano wa kwanza. Kwa mwanafunzi wa mofolojia, mzizi wake ni ule wa kitenzi lima, ukiwa katika kauli ya kutendea: limia. Ni kundi dogo la nyota zilizosongamana, ambazo jicho zuri huhesabu sita au saba. Wazulu na Waxhosa, walio mbali sana na pwani ya Kenya, huliita kundi lilelile isiLimela, kwa mzizi uleule wa kulima. Neno hilo, kwa hiyo, ni urithi wa Kibantu, na linathibitisha kwamba Waafrika walilima kwa kufuata nyota kabla ya kalenda ya ukutani kuwafikia.

Kilimia hutoweka katika mwanga wa Jua karibu na mwanzo wa Mei, kisha huonekana tena alfajiri katika mwezi wa Juni, baada ya yapata siku 40. Hicho ndicho kipindi cha masika katika pwani. Ndipo Waswahili wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwanafunzi wa leo huupata usemi huu, akiupata, katika kitabu cha methali, akaambiwa maana yake ya ndani ni kwamba mambo hubadilika. Maana ya nje, yaani kwamba kuna nyota zinazozama na kuzuka na kwamba mkulima alizingojea, haelezwi. Anapewa ganda bila kiini.

Mabaharia nao walikuwa na msamiati wao. Jaa au jaha ni nyota ya kaskazini, ambayo kutoka Mombasa haionekani kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho, lakini ambayo hupanda juu kadiri jahazi linavyokwenda kaskazini kuelekea Uarabuni. Nahodha alipoupima urefu wake kutoka baharini, alijua amefika wapi. Suheli ni nyota ya pili kwa mwangaza katika anga la usiku, nayo huonekana upande wa kusini. Kwa sababu hiyo neno suheli lilipata maana ya kusini yenyewe. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 alihitaji rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na alimpata papo hapo. Elimu ya nyota haikuja Afrika Mashariki pamoja na Mreno. Mreno aliikuta ikitumika baharini.

Wavuvi wanajua zaidi ya hayo. Bamvua ni maji makubwa yanayojaa na kupwa sana wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu. Maji mafu ni yale yasiyokwenda mbali wakati Mwezi umefika nusu. Maelezo ya kisayansi ni kwamba Jua na Mwezi huvuta bahari pamoja vinapokuwa katika mstari mmoja na Dunia, na nguvu zao hupunguzana vinapokuwa pembeni. Mvuvi wa Vanga au wa Pate huenda hakuwahi kuusikia mlinganyo wa Newton, lakini ana maneno mawili kamili kwa matokeo yake, na hupanga siku zake za kazi kwayo. Katika vitabu vingi vya jiografia maneno haya hayapo.

Hata saa na kalenda zimo katika elimu hii. Saa moja ya asubuhi huhesabiwa kuanzia macheo na saa moja ya usiku kuanzia machweo, jambo linalowezekana kwa urahisi katika nchi iliyokatwa na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mwaka wa Kiswahili, unaoanza kwa nairuzi na ambao bado huadhimishwa Makunduchi huko Unguja kwa sherehe za Mwaka Kogwa, ni mwaka wa Jua wenye siku 365, nazo zilihesabiwa kumi kumi. Kila kumi liliitwa mwongo. Leo miongo ni ya miaka, lakini nahodha wa zamani aliposema mwongo alikuwa anahesabu siku za kungojea upepo. Majina ya watu nayo ni ramani ya anga: Zuhura, Thuraya ambaye ni Kilimia kwa Kiarabu, Badru ambaye ni mwezi mpevu, Hilali ambaye ni mwezi mwandamo, na Shamsa ambaye ni jua. Katika darasa moja la Mombasa au la Lamu, mwalimu akiita majina ya wanafunzi kwenye rejista, huenda amekwisha kufundisha nusu ya somo la falaki pasipo kujua.

Msamiati huu wote ulitokana na kutazama. Orodha ya sayari tisa ilitokana na karatasi. Hiyo ndiyo tofauti kati yake, na ndiyo sababu mmoja umedumu karne nyingi bila kupotoka na nyingine imepotoka.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni lile la wanaisimu: lugha ni mazoea, na maana ya neno ni ile wanayoitumia wasemaji. Waarabu hawana haki ya kuwaamulia Waswahili. Mbona suheli limehama kutoka nyota hadi upande wa dunia? Mbona thuria, jina la Kilimia, limekuwa pia jina la taa ya vioo vingi inayoning'inizwa darini? Pingamizi hili lina nguvu, na lazima lijibiwe kwa haki. Ni kweli kwamba maneno huhama. Hata hivyo, maneno hayo mawili yalihamishwa na watu waliokuwa wakiiona nyota yenyewe. Aliyeita kusini suheli alikuwa ameiona Suheli ikining'inia kusini, na aliyeiita taa thuria alikuwa ameona nuru zilizosongamana. Kuhama kwao kuna sababu inayoeleweka, na kumeliongezea neno maana bila kuivuruga ile ya awali. Kuhama kwa Zohali kutoka sayari ya sita hadi ya saba hakuna sababu yoyote inayoonekana angani. Isitoshe, mazoea yanayotajwa hapa si mazoea ya wasemaji. Hakuna soko, msikiti, shamba wala bandari ambako watu huzungumza juu ya sayari ya saba na kuiita Zohali. Ni mazoea ya madaftari, na daftari hurekebishwa kwa kalamu.

Pingamizi la pili husikika mara nyingi katika kumbi za vyuo: falaki ni kazi ya wanafizikia, na mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kushughulikia fasihi na sarufi yake. Anayesema hivyo amesahau kwamba mwanafizikia wa Kenya amefunzwa kwa Kiingereza kuanzia shule hadi shahada. Akitaka kumweleza nyanya yake kijijini kwa nini Mwezi umekuwa mwekundu, atamgeukia mwenzake wa Kiswahili kuomba maneno. Naye mwenzake akimpa orodha yenye makosa, wote wawili watakuwa wamemdanganya bibi kizee ambaye huenda anaijua Zuhura kuliko wao.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaoona kwamba majina ya Kiarabu hayafai tena na kwamba yote yabadilishwe yawe ya Kizungu, kwa kuwa ndiyo yanayotumika kimataifa. Hapa ukweli umegawanyika. Kwa sayari tano za kale, Kiswahili kina majina yake yenye umri mkubwa, na mwacha asili ni mtumwa. Kwa magimba yaliyogunduliwa kwa darubini, Kiswahili hakikuwa na majina, wala Kiarabu hakikuwa nayo, na Waarabu wenyewe waliazima. Hakuna aibu katika kuazima. Aibu ni kuchukua jina la mtu aliye hai na kumpa mtoto aliyezaliwa jana ili kuficha kwamba limeazimwa. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Urani, Neptuni. Majina sita ya kwanza ni ya urithi, na mawili ya mwisho ni ya kuazima. Msomaji anayeuona mpangilio huo anaona pia historia ya sayansi, kwa kuwa mahali majina ya urithi yanapokoma ndipo macho matupu yalipokoma na darubini ikaanza.

Pluto haimo katika safu hiyo, na kutokuwamo kwake ni funzo jingine. Mnamo tarehe 24 Agosti 2006, Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulikutana mjini Prague na kuamua kwamba Pluto ihesabiwe miongoni mwa sayari kibete. Tangu siku hiyo sayari za Jua ni nane. Orodha isemayo tisa, kwa hiyo, ina kosa la hesabu juu ya makosa ya majina. Vitabu vya sayansi vilisahihishwa. Daftari la Kiswahili likiachwa kama lilivyokuwa, mwanafunzi atafundishwa sayari nane asubuhi katika somo la sayansi na sayari tisa mchana katika somo la Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo atahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ya mambo ya jana, na itakuwa vigumu kumlaumu.

Jina la elimu yenyewe linahitaji uangalifu. Unajimu kwa wasikilizaji wengi ni utabiri wa bahati kwa nyota, kazi ya mtu anayesoma buruji ya mteja wake na kumwambia kama atapata mume au safari. Falaki ni neno pana zaidi, lenye asili ya njia za magimba ya angani, ingawa nalo limewahi kutumiwa kwa uaguzi, kama katika usemi kupiga falaki. Wengine wamependelea astronomia ili kukwepa mkanganyiko. Lolote litakalochaguliwa, mpaka kati ya elimu na uaguzi sharti uwekwe wazi darasani, la sivyo mzazi atasikia mwanawe anajifunza nyota na kudhani amepelekwa kwa mganga.

Kwamba Kenya ina haki ya kuzungumza juu ya anga kwa lugha yake si jambo la kubuni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa baharini karibu na Malindi na kuendeshwa na Waitalia. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hiyo iliitwa Uhuru. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya astronomia vya ulimwengu mzima, na lingali humo. Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1 ilirushwa kutoka California ikiwa setilaiti ya Kenya ya kuitazama Dunia. Majina ya vyombo viwili kati ya hivyo vitatu ni ya Kiswahili. Ingekuwa kinaya cha kusikitisha iwapo nchi inayotuma majina ya Kiswahili angani itashindwa kutaja kwa Kiswahili kilichoko huko.

Nini kifanyike? Kwanza, walimu na waandishi wa vitabu waiache orodha tupu. Kila jina la sayari liandamane na nafasi yake, sura yake na asili ya neno lenyewe. Mwanafunzi akielezwa kwamba Mshtarii kwa Kiarabu ni mnunuzi, na kwamba mshitiri wa Kiswahili ni neno la ukoo huohuo, hatalisahau tena. Pili, somo la msamiati wa anga lifanyiwe nje walau usiku mmoja kwa muhula. Shule za bweni ziko nyingi, na mbali na taa za miji mikubwa anga la Kenya ni jeusi na safi. Kwa kuwa nchi iko katika ikweta, nyota za kaskazini na za kusini huonekana karibu zote katika mwaka mmoja, bahati ambayo London haina. Hakihitajiki kifaa. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali huonekana kwa macho matupu katika majira yake.

Tatu, vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na wanafunzi wa fizikia, wa jiografia na wa ualimu kukusanya msamiati wa wavuvi, mabaharia na wakulima kabla wenye nao hawajaondoka. Kila mzee anayezikwa Lamu, Pate au Vanga huenda anazikwa na jina la nyota ambalo halimo katika kamusi yoyote. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, nauli na unyenyekevu wa kumkalia mzee chini. Nne, suala la majina yanayogongana lipelekwe mbele ya vyombo vya lugha vya kanda, ikiwemo BAKITA ya Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, ili Zohali ya Nairobi na Zohali ya Unguja ziwe moja. Hadi uamuzi upatikane, mwandishi wa Kenya anayejua ukweli asingoje ruhusa ya kuuandika.

Mambo haya yanamhusu zaidi mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu, kwa kuwa ndiye atakayesimama mbele ya ubao miaka michache ijayo. Ataliandika lile alilokariri, au ataliandika lile alilolichunguza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu bado ni mdogo: majina manne na hesabu moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mtaka msamiati wa anga sharti ainue uso. Katika usiku usio na mawingu, msimu wa Zohali ukiwa umewadia, mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwatoa wanafunzi wake kwenye bweni, akawaonyesha nukta moja ya manjano isiyometameta, akawaambia jina lake la haki. Baada ya hapo hakuna mwongozo wa kusahihisha utakaoweza kuwahadaa.